Poa, poza, gongana: somo la molekuli zilizotulizwa kwa mwanga

 

Somo la juma hili ni la sayansi na la lugha kwa pamoja. Ukilimaliza utaweza:

1. kueleza kwa Kiswahili joto ni nini hasa;
2. kueleza jinsi mwanga wa leza unavyoweza kupoza kitu badala ya kukichoma;
3. kusema kwa nini wataalamu wanataka kuona molekuli zikigongana polepole;
4. kutumia kauli ya kutendesha na kauli ya kutendana bila kuyumba.

Tuanzie karibu. Wengi wetu tuna baba, mama, mjomba au kaka anayefanya kazi Industrial Area, kule kwenye mitaa yenye namba, gereji, maghala na kambi za wafanyakazi. Watu wa hapa hupaita Sanaiya. Neno hilo la Kiarabu lina asili moja na neno letu "sanaa", maana mzizi wake ni kutengeneza kitu kwa ustadi. Na neno letu "karakana" asili yake ni Kiajemi. Ukilitamka mbele ya fundi kutoka Pakistan, India au Nepal atalitambua, kwa sababu kwao ni "karkhana". Kwa hiyo usikubali mtu akwambie kwamba Kiswahili ni kigeni kwenye mambo ya ufundi na sayansi. Leo tutakifanyisha kazi.

SEHEMU YA KWANZA: JOTO NI MWENDO

Hewa iliyo mbele ya pua yako haijatulia. Imejaa molekuli, yaani vifungu vidogo mno vya atomu zilizoshikana, na kila moja inakimbia, inagonga nyingine, inageuka, inakimbia tena. Hata chuma cha nondo kilicholala chini kimya, atomu zake zinatikisika papo hapo zilipo. Mwendo huo ndio joto. Tukisema kitu kina joto, maana yake chembe zake zina kasi. Tukisema kimepoa, maana yake kasi imepungua.

Sasa tazama hesabu inayoshangaza. Mchana wa Julai, hewa ya Sanaiya ikifika nyuzi 45, molekuli ya naitrojeni hukimbia kwa wastani wa karibu mita 490 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 1,700 kwa saa. Ukiingia ofisini penye AC ya nyuzi 20, unashusha pumzi na kusema "alhamdulillahi, hapa pamepoa." Je, molekuli zimepunguza kasi kiasi gani? Zinakwenda karibu mita 470 kwa sekunde. Tofauti ni mita 20 tu!

Sababu ni kwamba sifuri ya Selsiasi ni joto ambalo maji huganda, lakini mwendo hauishii hapo. Sifuri ya kweli, ambapo mwendo umeshuka mpaka hauwezi kupunguzwa tena, iko chini kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri. Tukihesabu kuanzia huko tunatumia kipimo kiitwacho Kelvini. Nyuzi 45 ni Kelvini 318, na nyuzi 20 ni Kelvini 293. Ukiziona hivyo, joto la nje na ubaridi wa AC ni majirani wa mlango kwa mlango.

Kumbuka hili, kwa sababu somo lote limesimama hapo: kupoza ni kupunguza mwendo. Lugha yetu ililijua jambo hili zamani. Chai hupoa, na hasira hupoa vilevile. Ukiulizwa "mambo?" unajibu "poa", yaani kumetulia.

SEHEMU YA PILI: JASHO LINAFANYAJE KAZI?

Kabla ya kwenda maabara, tazama tone la jasho kwenye mkono wa fundi anayechomelea vyuma. Ndani ya tone hilo molekuli za maji hazina kasi sawa. Chache zina kasi kubwa kuliko wenzake, na hizo ndizo huchomoka na kuruka hewani. Zinazobaki ni za polepole zaidi, hivyo wastani wa mwendo umeshuka. Tone limepoa, nalo linaipoza ngozi iliyo chini yake.

Angalia lakini: zile za kasi zikishaondoka, kupoa kungeweza kukoma. Hakukomi kwa sababu molekuli zinazobaki zinaendelea kugongana, na katika kugongana zinagawana mwendo upya. Nyingine zinapata kasi ya kuchomoka, zinaondoka nazo, na kazi inaendelea. Kwa hiyo jasho linahitaji mambo mawili: zenye kasi ziondoke, na zinazobaki zigongane. Shika hilo mpaka mwisho wa somo.

Nguvu yake si ndogo. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi. Hilo ni joto la kutosha kuchemsha karibu lita saba za maji kutoka nyuzi 20. Lakini jasho linalodondoka chini bila kukauka halikupozi. Umepoteza maji bure.

Hapa ndipo unyevu wa Doha unapotuumiza, hasa Agosti na Septemba. Hewa ikiwa imejaa mvuke, molekuli za maji zinatoka kwenye ngozi, na nyingine kutoka hewani zinarudi juu ya ngozi. Zinazorudi zikikaribia kulingana na zinazotoka, jasho linamwagika lakini mwili haupoi. Watu wa pwani yetu hali hiyo tunaiita fukuto. Ndiyo maana kusoma nyuzi peke yake kwenye simu hakutoshi: nyuzi 36 zenye fukuto zinaweza kuwa hatari kuliko nyuzi 42 kavu.

Sheria ya Qatar imezingatia hilo. Tangu mwaka 2021, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, kazi za nje zinakatazwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Zaidi ya hapo, kuna kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo. Kikizidi nyuzi 32.1, kazi za nje lazima zisimame, saa yoyote. Mweleze mzazi wako namba hiyo na sababu yake. Mtu akianza kuona kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa kazini kwenye joto, apelekwe kivulini au penye AC, avuliwe nguo nzito, alowanishwe maji na apepewe, na msaada wa daktari uitwe mara moja. Kumpepea ni sayansi ileile: upepo huzifukuza molekuli zilizochomoka zisirudi.

SEHEMU YA TATU: MWANGA UNAOPOZA

Katika karakana kubwa, mashine za leza hukata bamba la chuma kama kisu kinavyokata andazi. Leza inachoma. Basi inawezaje kupoza?

Jibu liko katika ukweli mmoja: mwanga unasukuma. Kila chembe ya mwanga, yaani fotoni, ikimezwa na atomu huipa msukumo mdogo sana kuelekea kule mwanga ulikokuwa unakwenda. Sasa fikiria lori linakuja mbele yako nawe unalirushia punje za mtama. Punje moja haifanyi kitu. Lakini ukirusha nyingi mno, bila kuchoka, zote zikiligonga kwa mbele, lori litapunguza mwendo.

Shida ni kwamba katika gesi, atomu huenda kila upande. Ukizimulika zote, zinazokuja zitapunguzwa kasi, lakini zinazokwenda zitasukumwa zaidi. Mwaka 1975, Theodor Hänsch na Arthur Schawlow walipendekeza ujanja. Umewahi kusikia king'ora cha ambulensi kwenye Salwa Road? Ikija kwako mlio ni mwembamba, ikishakupita mlio unakuwa mzito. Mwanga nao hufanya hivyo. Atomu inayoukimbilia mwanga huuona rangi yake imepanda kidogo kuelekea buluu, na inayoukimbia huuona umeshuka kuelekea nyekundu.

Kila aina ya atomu ina rangi yake maalumu ya mwanga inayoimeza. Basi wataalamu huitegesha leza rangi iliyo chini kidogo ya hiyo. Atomu iliyotulia haiimezi. Inayokwenda njia moja na mwanga haiimezi. Lakini inayokuja kinyume cha mwanga huiona rangi imepanda mpaka ikawa sawasawa, inaimeza, na inasukumwa nyuma. Weka leza sita, yaani kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Popote atomu inapojaribu kukimbilia, inakuta mwanga unaoizuia.

Na joto linakwenda wapi? Linatoka na mwanga. Atomu humeza fotoni, kisha huitema nyingine kuelekea upande wowote. Kwa wastani, fotoni inayotoka ina nishati zaidi kidogo kuliko iliyoingia, na tofauti hiyo imelipwa na mwendo wa atomu. Kama vile jasho linavyoondoka na joto la mwili, mwanga huondoka na mwendo wa atomu.

Ukiongeza sumaku zilizopangwa vizuri, atomu zilizopoa hazitawanyiki. Zinabaki zimenaswa katikati, zinaelea kama kijiwingu kidogo ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1997 kwa kazi ya kupoza na kunasa atomu kwa leza.

SEHEMU YA NNE: MOLEKULI NI KAIDI

Ikiwa atomu zilinaswa zamani hivyo, kwa nini molekuli zilichelewa?

Atomu ni kama mpira mmoja. Molekuli ya atomu mbili ni kama mipira miwili iliyofungwa kwa springi: inazunguka, tena springi inavuta na kuachia. Kila namna ya kuzunguka na kutikisika ni kama kidato katika ngazi. Molekuli ikimeza fotoni na kuitema, inaweza kuangukia kidato kingine ambako rangi ya leza yako haiifai tena. Tangu hapo haiuoni mwanga wako, nayo inajiendea zake. Kumbuka kwamba kuipunguza kasi kunahitaji misukumo maelfu. Ikipotea baada ya misukumo kumi, hujafika popote.

Dawa ilikuwa mbili. Kwanza, kuchagua molekuli ambazo springi yake haibadiliki sana zinapomeza mwanga, ili mara nyingi zirudi kidato kilekile. Pili, kuweka leza za ziada za kuzirudisha zile zilizoanguka kando. Mwaka 2010, David DeMille na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwa mara ya kwanza kwamba molekuli inaweza kupozwa kwa leza. Yao iliundwa kwa atomu moja ya strontiamu na moja ya florini. Mwaka 2014 wakaweza kuzinasa.

Molekuli nyingine iliyofanyiwa kazi sana, hasa Imperial College jijini London na Chuo Kikuu cha Harvard, ina atomu moja ya kalsiamu, ile iliyomo kwenye maziwa na mifupa, na moja ya florini, ambayo kwa namna nyingine imo kwenye dawa ya meno. Hupozwa kwa leza ya rangi ya chungwa. Lakini kabla ya leza huanza friji, na hapa Qatar inaingia kwenye hadithi.

Molekuli hizo hutengenezwa ndani ya kijumba kidogo chenye gesi ya heliamu iliyopozwa hadi Kelvini 4 hivi, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Heliamu ndiyo gesi inayokubali kubaki gesi kwenye baridi ambayo nyingine zote zimekwisha kuganda. Molekuli mpya, zikiwa bado moto, hugongana na atomu baridi za heliamu na kuwaachia mwendo wao. Kisha hutoka tunduni kwa kasi ya mita 150 hivi kwa sekunde, na hapo leza hupokea kazi.

Heliamu hupatikana pamoja na gesi asilia inayochimbwa na kusafishwa Ras Laffan, kilomita 80 hivi kaskazini ya Doha. Qatar hutoa zaidi ya robo ya heliamu ya dunia. Juni 2017, mpaka wa nchi kavu na Saudi Arabia ulipofungwa, viwanda viwili vya heliamu vya Ras Laffan vilisimama kwa majuma kadhaa mpaka njia ya bahari ilipopatikana. Kabla ya hapo makontena yalikuwa yakivuka mpaka huo kwenda bandari ya Jebel Ali, Dubai. Maabara na hospitali zenye mashine za MRI katika nchi za mbali ziliingia wasiwasi. Na nyumbani je? Mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba kuna heliamu nyingi chini ya ardhi katika bonde la Rukwa, Tanzania. Gesi inayowezesha somo hili imo chini ya ardhi tunayoishi na chini ya ardhi tuliyotoka.

SEHEMU YA TANO: ZINAPOGONGANA

Sasa molekuli zetu zimepoa. Joto lao ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya Kelvini moja, na mwendo wao ni kama sentimita 20 kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayetambaa. Tunazitakia nini?

Kila badiliko la kikemia ni mgongano. Mkaa unaoungua, kutu kwenye bodi ya lori, chakula tumboni: vyote ni molekuli zilizokutana. Zikikutana, mambo matatu yanaweza kutokea. Zinaweza kugongana na kuachana, kila moja ikiwa ileile. Zinaweza kushikana. Zinaweza kubadilishana atomu, zikaondoka zikiwa vitu vingine. Kwenye joto la kawaida, mabilioni ya migongano hutokea pamoja, kwa kasi na pembe za kila namna, nasi tunapata wastani tu. Ni kama kutega sikio usikie mnong'ono ndani ya karakana inayokata vyuma. Kupoza ni kuzima mashine ili mnong'ono usikike.

Katika maabara ya JILA, mjini Boulder, Marekani, Deborah Jin na Jun Ye na wenzao walipata njia nyingine mwaka 2008. Walipoza kwanza atomu za potasiamu na rubidiamu, kisha wakaziunganisha mbilimbili kuwa molekuli baridi mno. Mwaka 2010 waliripoti jambo ambalo akili ya kawaida haiwezi kulibahatisha. Molekuli zikiwa zinafanana kabisa, hadi hali zao za ndani, hukwepana, na badiliko la kikemia huenda polepole. Ukibadilisha hali ya ndani ya baadhi yao, hata bila kuongeza joto, badiliko huenda haraka mara kumi hadi mia. Mwaka 2019, Kang-Kuen Ni na wenzake wa Harvard waliona kwa vyombo vyao hatua zenyewe: molekuli mbili zikikutana na kuwa kundi la atomu nne, kisha kuachana potasiamu kwa potasiamu na rubidiamu kwa rubidiamu. Zilikuwa zimebadilishana wenzi!

Wenzao hapo Harvard walikuwa na zile za kalsiamu na florini. Mwaka 2019 walizishika mojamoja kwa kibano cha mwanga, yaani leza iliyokazwa mpaka kwenye nukta ndogo sana inayoshika molekuli moja tu. Kisha walisogeza vibano viwili vikawa kimoja, wakatazama molekuli mbili, mbili tu, zikikutana. Mara nyingi zote mbili zilipotea mtegoni.

Huo ni mgongano mbaya kwa mtu anayetaka kuendelea kupoza. Unakumbuka jasho? Ili lipoze, zenye kasi ziondoke na zinazobaki zigongane vizuri, zigawane mwendo. Ikiwa kila mgongano unaziangamiza, hakuna kitakachobaki cha kupozwa. Mwaka 2021 timu hiyo ilionyesha kinga: mawimbi ya maikrowevu yaliyopangwa kwa ustadi huzifanya molekuli zisukumane kabla hazijakaribiana mno. Upotevu ulishuka hadi karibu sehemu moja ya sita.

Na mwaka 2024, kundi la Sebastian Will katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lilichapisha matokeo ya njia hiyo ikifika mbali. Walikinga molekuli za sodiamu na seziamu kwa maikrowevu, wakaziacha zenye kasi ziondoke na zilizobaki zigongane na kutulia, mpaka zikafika sehemu chache za bilioni moja za Kelvini. Hapo molekuli zikaanza kwenda pamoja kama wimbi moja. Leza ziliifanya kazi ya mwanzo, lakini hatua ya mwisho, ile ya baridi kuliko zote, ilifanywa na kanuni ya jasho. Kinachomlinda fundi wa Sanaiya mchana wa Julai na kilichoipeleka maabara ile kwenye baridi isiyopatikana popote duniani nje ya maabara ni kanuni moja.

JINA LA KITANZANIA KWENYE SOMO LA BARIDI

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliweka mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliuliza kwa nini, akachekwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye alimuuliza mhadhiri mgeni, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikubali kupima. Mwaka 1969 waliandika makala pamoja. Kuhusu maji, wataalamu wanabishana hadi leo. Lakini mwaka 2024, watafiti wa Innsbruck, Austria, wakitumia atomu zenye chaji zilizonaswa na kuongozwa kwa leza, waliripoti kuona jambo la jamii hiyo kwenye ulimwengu wa chembe ndogo, nalo linaitwa kwa jina la Mpemba. Swali la mwanafunzi aliyechekwa limefika kwenye mitego ya leza. Basi nawe uliza darasani, hata kama wenzako watacheka.

SARUFI YA JUMA

Kauli ya kutendesha hueleza kusababisha jambo litokee:
poa – poza. Tulia – tuliza. Pungua – punguza. Zunguka – zungusha. Ganda – gandisha.

Kauli ya kutendana huhitaji wawili au zaidi:
gonga – gongana. Kuta – kutana. Shika – shikana. Acha – achana. Kwepa – kwepana. Sukuma – sukumana.

Tazama jinsi kauli hizi mbili zinavyobeba sayansi yote ya leo: tunapoza ili tuone zinavyogongana.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Fotoni moja ya rangi ya chungwa hubadilisha kasi ya molekuli ya kalsiamu na florini kwa sentimita 1.1 hivi kwa sekunde. Molekuli inakwenda mita 150 kwa sekunde. Inahitaji fotoni ngapi ili isimame?
2. Badili nyuzi 32 za Selsiasi ziwe Kelvini.
3. Kwa nini jasho linalodondoka halipozi mwili?
4. Kwa nini molekuli ni ngumu kupozwa kwa leza kuliko atomu?
5. Tunga sentensi tatu kuhusu molekuli ukitumia gongana, achana na badilishana.

Majibu ya hesabu: (1) sentimita 15,000 kugawa kwa 1.1 ni zaidi ya fotoni 13,600. (2) 32 + 273 = Kelvini 305.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua vitambaa viwili vidogo, uvilowanishe maji ya bomba kwa kiasi sawa. Kimoja kitundike sebuleni penye AC na feni, cha pili bafuni mara baada ya mtu kuoga maji moto, mlango ukiwa umefungwa. Baada ya dakika 15 vishike vyote. Kipi kimepoa zaidi, na kwa nini? Andika jibu kwa sentensi tano za Kiswahili.

Kisha kaa na mzazi au mlezi. Mwulize kwao joto lenye unyevu wanaliitaje: fukuto, hari, au neno jingine? Mwulize pia kama kazini kwake wana kile kipimo cha nyuzi 32.1, na nani huwaambia wasimame. Kama hakijui, wewe ndiye mwalimu wake leo. Mweleze kwa Kiswahili, kuanzia tone la jasho, na ulete majibu darasani juma lijalo.